Kukata Shina la Babu Ili Mzabibu Uishi

Saa moja asubuhi, baridi ya Julai bado imeng'ang'ania shambani, na Lynette Mibus (58) amepiga magoti mbele ya mzabibu uliopandwa na babu wa baba yake. Mkononi ana msumeno. Hajaanza kukata. Anaogopa, na wala hafichi.

"Nimeupogolea tangu niko shule," anasema. "Leo naukata kichwa."

Hapa Bonde la Barossa, kusini mwa Australia, shina nene lililopindapinda ndilo fahari ya mkulima. Wageni hulipiga picha, na chupa moja ya divai nyekundu ya shiraz kutoka safu hii ya mizabibu huuzwa zaidi ya dola mia moja. Lakini safu inaumwa. Kuvu huingilia kwenye vidonda vya kupogolea, kisha huteremka taratibu ndani ya shina. Dawa ni kukata chini ya ugonjwa na kungoja chipukizi kwenye kisiki. Kuvu ikishafika ardhini, mti umekwenda.

Baba yake, Erhard, mwenye miaka 87, alikataa katakata kwa muda mrefu. Mizabibu minne ikafa huku akiitazama. Safari hii ameridhia, na amekuja kusimamia, kaketi juu ya kreti na mkate wake wa soseji.

Ukishakatwa, namuuliza, bado utaitwa mzabibu wa kale?

"Waulize wenye viwanda vya divai," Erhard anajibu. "Mizizi haina habari na mambo yenu."

Lynette anakata usawa wa goti. Ndani kuna doa jeusi, kama keki iliyoungua. Anashuka chini kidogo, anakata tena. Jeusi.

"Baba, limeshuka sana."

"Macho ninayo. Kata."

Mara ya tatu msumeno unapita kiganja kimoja tu juu ya udongo. Lynette anafuta vumbi kwa kidole gumba, anatazama, anafuta tena. Peupe kote. Anakaa palepale kwenye matope na kulia kidogo.

Chipukizi likitokeza Septemba, anapanga kuikata safu yote mwakani. Itakaa misimu miwili au mitatu bila zabibu, naye atajikimu kwa kupogolea mashamba ya majirani.

Erhard hana muda wa kungoja Septemba. Anainuka, anajipangusa makombo, ananyoosha mkono.

"Lete huo msumeno. Wewe unakata kwa huruma, ndiyo maana umerudia mara tatu. Unaofuata ni wangu."