Airisi za Dada Yangu

Dada yangu ndiye aliyenipa maua yangu ya kwanza ya airisi. Yeye aliishi Jorodom, mimi Maretadu, na kila nilipomtembelea alinifungia kipande cha shina kwenye gazeti. Hakupenda zile ndefu, upepo huzilaza, wala zile fupi zinazopotea kwenye majani. Alitaka za kati, zinazofika gotini, hasa moja ya rangi ya zabibu mbivu yenye vinyweleo vya manjano kama ndevu katikati ya ua. Alinifundisha kuipanda juujuu, shina lake nene kama tangawizi lipate jua, na kuchagua vipande vya pembeni vyenye chipukizi. Kipande kilichokwisha kutoa ua hakitoi tena.

Matope ya mlima Hanang yaliposhuka, nyumba yake ilibaki lakini bustani ilifukiwa. Alikuja kukaa kwangu mwezi mzima. Asubuhi moja alinikuta napalilia, akachutama mbele ya ile ya zabibu, akaniomba kipande cha kuanzia upya.

Siku hizo akina mama wa kanisani walikuwa wanakuja kwangu kuomba maua ya altareni, wakisema hakuna mwingine mwenye airisi kama zangu. Nilikuwa nimeshalizoea neno hilo. Siku anaondoka nilichimba vipande vitatu vya katikati, vizee, visivyo na chipukizi hata moja, nikavifunga kwa kamba na kuvisukuma chini kabisa ya mfuko wake. Aliupokea kwa mikono miwili.

Alipiga simu kwamba haoni chipukizi. Nikamwambia zimevunjika safarini, avumilie. Nikamshauri aongeze samadi mbichi, nikijua itaviozesha. Alinishukuru. Msimu wa pili akaacha kuuliza.

Tulikutana Katesh kwenye harusi ya binamu yetu. Nikamwamkia, “Shikamoo, dada.” Badala ya marahaba akasema polepole, “Nilivichimba vile vipande. Mimi ndiye niliyekufundisha. Ulidhani sitatambua?”

Nilianza kusema kwamba nilikosea kuchagua. Akanyoosha mkono, akaniwekea sawa khanga begani kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, akaenda kukaa na wengine.

Hajakanyaga tena Maretadu. Mwaka huu airisi zilisongamana nikazipunguza, vipande vizuri vyenye chipukizi nikavitupa kwenye shimo la taka. Sikumpelekea hata kimoja. Kumpelekea kungekuwa kukiri, na mimi bado napenda kusifiwa kanisani.