Kilo Kumi na Tano za Respicius

Batuli wa Busi amepanga chumba kwangu hapa Makutupora, na mimi ndiye niliyemwingiza kwenye kikundi chetu cha wakulima wa zabibu, kwa hiyo lawama zake huanzia mlangoni kwangu. Ana cheti cha kidato cha nne, mdomo mkali, na kompyuta yenye ufa kwenye kioo. Mwenyekiti wetu, Ernest, alimpa kazi ya kutunza tovuti ya kikundi. Mkulima anaandika kwa simu idadi ya ndoo atakazovuna kesho, na tovuti inampangia nafasi kwenye lori la mnunuzi.

Tovuti ilijengwa na Respicius, mtaalamu wa mjini, kwa programu ya kuburuta visanduku bila kuandika msimbo wa kompyuta. Kila ndoo aliihesabu kilo kumi na tano. Lori linabeba kilo elfu tatu, basi tovuti ilipokea ndoo mia mbili ndipo ikafunga.

Nani alimwambia kwamba sisi tunajaza ndoo mpaka ukingoni tu? Hapa kibarua analipwa kwa ndoo, na mwenye shamba haipokei mpaka zabibu zikae kilima juu yake. Ndivyo tulivyozoea, na ndoo ya namna hiyo ina kilo ishirini. Lori lilikuwa likijaa kwenye ndoo ya mia na hamsini, zilizobaki zinaungua juani. Mara mbili zilikuwa za Emilia, mjane ambaye shamba lake ndilo la mwisho barabarani. Nilimkuta akiwamwagia nguruwe zabibu zake, na iliniuma sana. Alibakiwa na mavuno ya siku moja tu, Alhamisi.

Respicius alipopigiwa simu alisema, "Waelimisheni wakulima wasawazishe ndoo. Mfumo hauna kosa." Ernest akaafiki.

Batuli alikataa katakata. "Mfumo ndio utawafuata watu," alisema. "Mimi siendi kumfundisha mama Emilia kujaza ndoo."

Programu ile ina kisanduku cha kuweka msimbo wako mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. Humo akaifuta ile kumi na tano na kuweka kigeu, yaani jina linaloshika namba inayoweza kubadilika. Alikiita uzitoNdoo. Tukazunguka na mzani shamba kwa shamba, kila mtu akapimiwa ndoo yake, na akijiandikisha, kigeu kinachukua uzito wake yeye. Ya kwangu ilitoka kilo ishirini na moja, nikaangalia pembeni.

Jumatano asubuhi tovuti ilifunga baada ya watu wawili tu. Kilo mia sita za Masudi na mia nne za Miriam zilisomeka laki sita na mia nne.

Ernest alicheka. "Si nilisema? Rudisha kumi na tano kabla ya adhuhuri, au unikabidhi nywila."

Batuli aliinamia kompyuta yake. Alikuta jumla imehifadhiwa kama maandishi, si namba, kwa hiyo kompyuta ilibandika tarakimu ubavuni mwa tarakimu badala ya kujumlisha. Aliongeza amri moja ya kuigeuza iwe namba, na zile mbili zikawa elfu moja.

Kufikia alasiri lori la kesho yake lilikuwa limejaa kwenye tovuti, na ndoo thelathini na nane za Emilia zilionekana wazi kwamba hazina nafasi, kabla hajakata hata kichala kimoja. Batuli akampigia mnunuzi, akataka gari la pili, akamtumia majina na uzito wa kila mmoja.

"Unatuaibisha kwa mnunuzi," Ernest alifoka.

"Aibu ni zabibu kuliwa na nguruwe, mwenyekiti."

Alhamisi saa nne asubuhi gari la pili, kenta ndogo ya mizigo, iliingia mpaka mwisho wa barabara. Tulipakia sote, hata Ernest, ingawa alikuwa amenuna. Emilia alisimama akihesabu, na ilipopanda ya thelathini alifuta macho kwa khanga bila kujificha.

"Shukrani, mwanangu," alisema. "Lakini msimu ujao yule bwana wa mjini akirudisha kumi na tano yake?"

Batuli alikuwa anainua ndoo nyingine, yenye kilima chake.

"Nywila nimeshabadilisha, mama. Aje na ndoo yake, nimpimie."