Kindi Aliyevunjika Meno

Sikumtazamia baba asubuhi ile alipobisha hodi kwangu mjini, Makorora. Tangu mama afariki hakuwa amekanyaga kwangu, na hata kabla ya hapo alikuja kwa harusi na misiba tu. Maisha yake yalikuwa Muheza, kwenye kishamba cha michungwa na minazi alichokipata baada ya kustaafu kazi ya mkonge.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Akanikabidhi kikapu kilichofunikwa kitambaa. "Usifunue kwa pupa. Ataruka."

Ndani alikuwamo kindi, amekonda, damu imemgandia mdomoni. Baba aliwatega kindi miaka yote, kwa kuwa wanamtobolea vidaka vya nazi kabla havijakomaa. Huyu alikuwa ametafuna waya wa mtego mpaka meno yake mawili ya juu yakavunjika. Baba alipomfungulia, kindi hakwenda mbali. Aliokota kidaka, akakigeuzageuza mikononi, akajaribu kukiuma huku na huku, akakiacha.

"Kuua nimeua wengi," baba akasema, macho yake chini. "Lakini huyu nimemnyima kula."

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo pale mjini. Alimfunga kwenye taulo, akamfungua kinywa kwa kijiti, kisha akatueleza kwamba meno ya mbele ya kindi hayaachi kuota. Yanapungua kwa kusagana, ya juu na ya chini. Ya juu yakishaharibika, ya chini hurefuka yakapinda na kumchoma kaakaa. Aliyapunguza kwa kimashine kidogo cha kusagia. Mkasi hakuutaka, alisema ungeyapasua hadi kwenye mzizi.

"Mtamleta kila yakirefuka. Na porini harudi tena," akasema.

Mume wangu alitengeneza tundu la waya, tukaliweka ukumbini. Siku za mwanzo tulimlisha uji mwepesi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, pembeni mwa mdomo ili asipaliwe. Baadaye baba akaniondoa kwenye kazi hiyo kabisa. Aliponda papai, akachemsha boga na viazi vitamu, akatwanga karanga chache, akakuna nazi akamwekea kidogo tu. Alipogundua kwamba kindi anapenda kushika chakula kwa mikono yake, akawa anakata boga vipande vyembamba kama vidole. Hakuzungumzia kuondoka, nami sikumwuliza.

Nilikuwa napika siku moja nikamsikia anaongea ukumbini. Nilidhani amepata mgeni. Nikachungulia: yuko peke yake, amechutama mbele ya tundu, anamsemesha kindi kwa Kishambaa. Sisi watoto hakutusemesha lugha hiyo hata mara moja. Kambini kwenye mkonge watu walitoka kila pembe, na baba alitaka tuzungumze Kiswahili kama wengine. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu nisiyemjua.

"Unamwambia nini, baba?"

Akashtuka, akajifuta mikono. "Namwambia ale."

Najua hayakuwa hayo tu. Maneno yalikuwa marefu mno. Nilirudi jikoni nikaendelea kukoroga mchuzi, nikimwonea wivu mnyama.

Kindi alinenepa, mkia ukajaa. Tulimrudisha kwa daktari mara kadhaa, na kila mara alitoka akila vizuri. Kisha shavu likaanza kumvimba upande mmoja. Daktari alipombonyeza, usaha ukatoka. Kumbe mzizi wa jino lililovunjika ulikuwa umeoza ndani ya taya. Alimpa dawa. Baba akamlisha tena kwa bomba kama mwanzo, lakini sasa kindi aligeuza uso. Alikuwa akisogea hadi kwenye kibakuli, ananusa, anabaki pale pale. Tulipomrudisha mara ya mwisho, daktari alitutazama wote wawili, akasema kumwacha ni kumtesa. Baba ndiye aliyemshika wakati anachomwa sindano ya kumlaza asiamke tena.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Kesho yake baba alikuwa ameshafunga mzigo wake.

"Kaa, baba. Chumba ni chako."

"Nikae nikifanya nini, mama?"

Niliona alihitaji kazi ya kumweka kwangu, na mimi sikuwa na nyingine ya kumpa. Kumwambia nataka awepo tu, bila kazi, nilishindwa. Hatukuwahi kusemezana hivyo. Nikamwambia ajihadhari na jua.

Nikamsindikiza stendi. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri gari lijae, tukaongelea bei ya machungwa. Alipopanda, alichagua siti ya upande wa pili, nisikoweza kumwona.