Garantie ya Papa Saidi

Batu yangu, musikie hii.

Mwaka huu nilitafuta ordinateur, kompyuta ya kubeba, ya bei chini. Hapa Butembo nilipata moja, mais bila garantie. Nikaona heri niongeze kidogo, nichukue kwa Papa Saidi wa Beni, mwenye kutoa garantie ya mwaka muzima: ikiharibika, anatengeneza ao anakupa ingine.

Miezi mbili tu, ikazimika. Na mémoire yangu yote, kitabu cha kumaliza université, iko ndani, naitetea juma hii!

Leo asubuhi nikapanda taxi kwenda Beni, na hasira, karatasi ya garantie mukononi.

Nafika… duka hakuna! Jana waasi walichoma maduka yote ya pale. Papa Saidi amekaa inje, juu ya bidon ya maji, anaangalia majivu.

Nikaficha karatasi. Akaiona.

“Mwanangu, leta machine.”

“Hapana, Papa. Pole sana, acha tu…”

“Nilikuambia mwaka moja. Mwaka haujaisha.”

Akafungua ordinateur yake mwenyewe, ile moja aliyokimbia nayo, akatoa disque ya ile yangu, yenye kuchunga kazi yote, akaitia ndani. Mémoire ikatokea, yote! Akanipatia ile machine.

Nililia tu.

Niko nayo hapa kwa magoti. Ninyi mungeichukua?