Sauti ya Mama Mlangoni

Kandokando ya reli ya mtaa wa Namuwongo hunuka mkaa, mihogo ya kukaanga na maji yaliyotuama mtaroni, na jua likianza kushuka harufu zote hizo huchanganyika na moshi wa takataka zinazochomwa, mpaka koo linawasha. Hapo ndipo tulipoamua kupigia filamu yetu. Nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa upande wa Nakasero, na muhula ule mwalimu wetu wa sanaa, Bwana Opio, alitugawa katika makundi akatupa kazi ambayo hakuna darasa lililowahi kupewa pale shuleni. Kila kundi litengeneze filamu fupi ya taharuki, yaani ya kumtia mtazamaji wasiwasi bila kumwaga damu, ioneshwe mbele ya wanafunzi na wazazi, kisha kila mmoja asimame na kuifanyia tathmini: alikusudia nini, watazamaji walipokea nini, na kama vitu hivyo viwili vilikutana. Tulishangilia sana. Hakuna aliyejali ile sehemu ya tathmini.

Kundi letu tulikuwa watatu. Brenda alikuwa na kamera aliyoazima kwa mjomba wake, mpiga picha wa harusi, na kwa sababu hiyo alijifanya mwongozaji bila kumuuliza mtu. Ivan alikuwa mrefu kuliko wavulana wote darasani, mpole, mwoga wa mbwa, basi tukamvika jaketi lenye kofia na kumpa kazi ya kutisha. Mimi ndiye niliyetunga hadithi, na ndiye niliyeigiza msichana. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Msichana anarudi kutoka shule, anapita njia ya mkato kando ya reli, anahisi anafuatwa. Akiongeza mwendo, mtu yule naye anaongeza. Anafika kwao, anagonga mlango, haufunguki. Anagonga tena. Nyayo zinakaribia. Halafu mlango unafunguka, mama yake anamvuta ndani, na sisi sote tunashusha pumzi. Niliitaka sana pumzi ile. Nililala nikiiwaza, darasa zima likiitoa kwa pamoja, kama watu waliotuliwa mizigo kichwani.

Kupiga filamu, kumbe, ni kazi ya kuudhi. Kila Brenda alipowasha kamera, watoto wa mtaani walitokea wasikojulikana wakapanga mstari nyuma yangu, wakipunga mikono na kutoa ulimi. Tukiwafukuza, anapita muuza dawa za panya na kipaza sauti chake. Akienda huyo, wingu linafunika jua na picha ya sasa haifanani tena na ya mwanzo. Siku moja tulikuwa tumepata kila kitu sawasawa, Ivan ananinyemelea vizuri, mimi ninatetemeka vizuri, mara mama mmoja aliyekuwa akichota maji akamrukia Ivan na dumu tupu, akimtwanga mgongoni na kumuuliza kwa Kiganda kama hana dada kwao. Ivan alikimbia mpaka ng'ambo ya reli. Ilituchukua muda mrefu kumweleza yule mama kwamba ni mchezo, na hata alipoelewa hakuomba radhi, alisema mchezo gani huo wa kijinga. Brenda alilia kwa hasira, kwa sababu kamera ilikuwa imeishiwa chaji na hakuna hata kipande cha tukio lile kilichobaki.

Lilipokuja suala la mlango, Brenda alitaka mama aigizwe na dada yake mkubwa, aliyesema Kiingereza kizuri. Nilikataa. Mlango ulikuwa wa nyumbani kwetu, na nyuma ya mlango ule alikuwepo mama wa kweli. Mama yangu aliwafundisha wasichana wadogo Kurani sebuleni kwetu, na mtaani walimwita Mwalimu Rukia. Ukoo wetu ulitoka pwani na misafara ya biashara zamani sana, baba aliuza vitambaa sokoni Nakivubo kama babu yake, na nyumbani tulizungumza Kiswahili, tukiingiza Kiganda pale ambapo kilifaa zaidi. Sauti ya mama ilikuwa ya chini kidogo, nzito, ya mtu aliyezoea kusoma kwa sauti tangu utoto. Mimi nilikuwa nikilala kwa sauti ile.

Brenda alipofika kwetu alipiga magoti kumsalimia mama, kama alivyolelewa, na mama akampenda papo hapo. Alijifunga khanga mpya kwa ajili ya kamera. "Sasa niseme nini?" akauliza.

"Sema vile unavyosema siku zote nikichelewa," nikamwambia.

Basi mlango ukafunguka, mkono wake ukanikamata begani, na akasema, "Salma! Ulikuwa wapi mpaka saa hizi? Ingia ndani upesi. Funga mlango." Mara moja tu, bila kurudia. Ivan, aliyekuwa amejificha nyuma ya pipa la maji, alipiga makofi. Mama alicheka huku amejiziba mdomo kwa pindo la khanga, na jioni ile alimsimulia baba habari nzima, akionesha alivyonikamata bega, kana kwamba baba hakuwa amesikia maneno yale kila wiki.

Siku ya maonesho maabara ya kompyuta ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya meza. Mapazia yalifungwa, joto likatuelemea, umeme ukakatika na kurudi, projekta ikagoma, ikakubali. Filamu ya kundi la kwanza haikuwa na sauti kabisa. Ya pili ilikuwa na sauti ya upepo tu. Yetu ilikuwa ya tatu. Mama alikaa mstari wa mbele, wima, mkoba mapajani, manukato yake ya udi nikiyasikia kutoka nilipokuwa nimesimama ukutani. Filamu ikaanza. Njia ya reli ilipotokea watu walinyamaza. Kofia ya Ivan ilipojitokeza nyuma ya bega langu, msichana mmoja aliguna. Ilikuwa inafanya kazi! Niliwaona wameinamia mbele, viti vikilalamika. Nikagonga mlango kwenye skrini. Nikagonga tena. Mlango ukafunguka, mama akanikamata bega, akasema maneno yake.

Darasa zima likapiga yowe. Haikuwa ile pumzi. Lilikuwa yowe la hofu, na juu yake sauti ya mvulana mmoja kutoka nyuma: "Amekwisha huyo!" Picha ya mwisho ilikuwa mlango ukijifunga, nami ndani yake, na watu wakabaki wamejishika vichwa. Kisha makofi yakalipuka, makofi ambayo makundi mengine hayakuyapata.

Nilielewa kabla taa hazijawashwa. Mjini kwetu Kiswahili kilikuwa na jina baya. Watu wazima walikikumbuka kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka vinywani mwa wanaume wenye bunduki, na watoto wao walirithi hofu ile bila kujua ilikotoka. Wenzangu darasani walijua maneno machache tu ya Kiswahili, nayo yote yalikuwa amri: kuja hapa, lala chini, toa simu. Katika michezo ya kuigiza jambazi alihamia Kiswahili kwanza, kisu kilifuata baadaye. Hayo yote niliyajua. Ila sikuwahi kuyaweka mahali pamoja na mama yangu, kwa sababu kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kuulizwa kama umekula.

Bwana Opio alisimama akiwa amefurahi kupita kiasi. Alisema kwa Kiingereza kwamba kundi letu limemzunguka kila mtu. Tulidhani hatari iko nyuma ya msichana, kumbe iko mbele yake, nyuma ya mlango, na kwamba kumtumia mwanamke mzima mwenye heshima kama mkuu wa watekaji ni wazo ambalo hakulitarajia kutoka kwa watoto wa umri wetu. Brenda alinitazama, macho yameng'aa, akatikisa kichwa kuniambia nisiseme kitu. Mama alinigeukia. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani. "Anasema nini mwalimu?"

"Anasema umeigiza vizuri sana," nikajibu.

Mama akainamisha kichwa kumshukuru. Lakini tulipokuwa tukitoka, wavulana wawili waliokuwa mlangoni walimpisha kwa kuinua mikono juu, wakicheka bila ubaya wowote, mmoja akasema, "Wewe, kuja hapa! Lala chini!" Walikuwa wanamsifu. Mama alisimama kidogo, akawaangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, kisha akapita.

Tuliteremka kilima kwa miguu, tukipishana na boda boda, mimi nikisema hili na lile ili pasiwe na kimya. Tulikuwa tumekaribia soko aliponishika mkono. "Salma, hivi sauti yangu inatisha?"

"Hapana, mama."

"Wasichana ninaowafundisha. Huwa wananyamaza nikiingia. Nilidhani ni adabu."

Nilikuwa na hasira tu, na sikujua niipeleke kwa nani, maana hapakuwa na mtu aliyefanya ubaya. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi kuliko yote.

Nilifikiri tunaweza kuirekebisha filamu. Tungeongeza kipande mwanzoni: mama dirishani, anachambua mchele, anatazama barabara, anasikiliza. Mtazamaji akishamwona anangoja, hataweza kumwogopa. Hata sasa, baada ya miaka ya kufanya kazi ya kuhariri filamu, naamini nilikuwa sahihi, kipande kile kingetosha. Nilimweleza mama. Alikuwa anapiga pasi. Hakuinua macho. "Mimi nimemaliza, mwanangu. Mchukueni yule dada wa Kiingereza." Nikamsihi, nikamweleza habari ya dirisha na mchele mara mbili. Akaning'iniza sketi yangu ya shule kwenye msumari, iliyonyooka kama karatasi, akaenda kuswali.

Brenda alifurahi kusikia hivyo, maana hakutaka chochote kibadilishwe. Alikuwa na mpango wake: katika tathmini tuseme tulikusudia. "Mwalimu mwenyewe ameshasema. Wewe unataka kumkatalia mtu anayekusifu?" Ivan, ambaye hakupenda ugomvi, alisema huenda hata sisi tulikusudia bila kujua. Tulibishana nyuma ya jiko la shule mpaka kengele ikalia, na tangu hapo Brenda aliacha kunihifadhia kiti.

Siku ya tathmini alisimama yeye kwanza, akaeleza vizuri sana jinsi tulivyopanga kumzunguka mtazamaji. Ivan akasema yake, akinong'ona. Kisha mimi. Nilisema yule ni mama. Nilisema anafungua mlango kwa sababu mtoto wake amechelewa, na anasema funga mlango kwa sababu nje kuna hatari. Nilisema hakuna kitu kingine ndani ya filamu ile, na kwamba aliyeona kingine alikuja nacho kutoka kwao. Darasa lilicheka, wakidhani natania. Sauti yangu ikaanza kukatika, nikasema kwa Kiswahili, katika shule isiyokuwa na somo la lugha hiyo wala mtu wa kunijibu, "Yule ni mama yangu."

Bwana Opio hakuwa mtu mbaya. Alingoja nikae, akasema taratibu, "Kama ndivyo ulivyokusudia, Salma, basi filamu imeshindwa. Huwezi kusimama karibu na kila mtazamaji ukimweleza." Akawapa Brenda na Ivan alama za juu, mimi nikapata za wastani, kwa filamu ile ile. Nilitaka kumwambia kwamba amekosea, lakini hakuwa amekosea. Alikuwa ameeleza vizuri sana jambo ambalo halikuwa haki.

Sasa nina miaka karibu thelathini, ninahariri filamu na matangazo katika ofisi moja ndogo mjini, na mambo yamebadilika. Kiswahili kinafundishwa shuleni. Watoto wa jirani, ambao wazazi wao wangefunga madirisha wakikisikia, hupeleka kazi zao kwa mama, wanakaa mkekani naye anawasahihisha, anawarudisha kwenye l na r mpaka ndimi zao zikubali. Wanamwita Bibi. Maofisa wawili wazima huja Jumamosi kujifunza kabla ya kusafiri Nairobi na Dodoma. Ukiwauliza, watakwambia lugha hii ni tamu, ni ya biashara, ni ya majirani zetu.

Lakini mwezi uliopita nililetewa filamu nyingine ya kuhariri, na majambazi wake, kabla ya kuvunja mlango, walibadilisha lugha. Nilimuuliza mtayarishaji kwa nini. Akacheka. "Dada Salma, ulitaka waongee Kifaransa? Hivi watu wanaelewa haraka." Nikaihariri. Ni kazi, na bosi alikuwa ameahidi kuikabidhi Ijumaa.

Jioni nilipita nyumbani. Simu ya mama ikalia, namba asiyoijua. Zamani angeitikia kwa Kiswahili, yeyote yule awe. Akaiweka sikioni, akasema kwa Kiganda kile laini cha kumsalimia mgeni, akanyamaza, akasikiliza mtu wa upande wa pili anajibu kwa lugha gani. Hufanya hivyo siku zote sasa, na ukimuuliza atasema ni mazoea tu. Nilimtazama akisubiri, kidole kimoja juu ya midomo, akipima kwanza kama ni salama huyo mtu kuisikia sauti yake.