Dawa ya Chulebuni Inauzika

Jumapili, baada ya misa ya pili, bwana mmoja mwenye tai alitukuta nje ya kanisa akaanza kutunadia hisa za kampuni yake ndogo. Wanakuza vijidudu maabarani na kuvitumia kutengeneza dawa ya chulebuni, ule ugonjwa unaogeuza matunda ya kahawa yetu kuwa meusi kama makaa. Akakunjua karatasi yenye mstari mwekundu, umepanda kama barabara ya kwenda Marangu.

“Haya ndiyo mauzo,” akasema. “Wilaya nzima ya Hai wanaigombania.”

Mama mmoja muuza mbege, pombe yetu ya ndizi, akanyoosha mkono. “Baba, watafiti wameshaipima?”

“Bado wanaendelea, mama. Lakini watu wangenunua kitu kisichofanya kazi?”

Mama akacheka mpaka akashika kiuno. “Mwanangu, hata mbege iliyoharibika hupata wanywaji. Ndiyo maana kwetu mwenye pombe huonja kwanza, wageni wakimtazama. Wewe kahawa unayo?”

“Ninayo, Machame.”

“Umeipulizia hiyo dawa yako?”

Bwana akaikunja karatasi taratibu, akairudisha mfukoni. “Ya kwangu,” akasema kwa sauti ya chini, “nangoja kwanza majibu ya watafiti.”

Watu waliangua kicheko, nami nikacheka kuliko wote. Sikumwambia mtu kwamba stooni kwangu zipo chupa mbili za dawa hiyo, nilizonunua kwa sababu jirani alinunua. Ule mstari mwekundu, ndugu msomaji, nami nimeusaidia kupanda.