Glavu ya Oleta

Wilmer Tingle alifuga kuku wa nyama katika mabanda matatu, huku kwetu Delaware, Marekani, kwa miaka thelathini na minne. Kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kuokota waliokufa. Yeye aliokota, mkewe Oleta alilaza. Nasema alilaza, kwa sababu aliipanga mizoga ndani ya kizimba cha mbao kama mtu anayepanga shuka kabatini: samadi na maranda chini, kuku, nyasi kavu, maji kidogo, kisha safu nyingine. Rundo lilichemka lenyewe bila moto, na baada ya wiki kadhaa ni mboji tupu, hata nyama huioni.

Oleta alikufa Machi, rundo lake la mwisho likiwa bado linatoa mvuke. Aprili likapoa. Rundo likipoa hugeuzwa, likahamishiwa kizimba cha pili lipate hewa, lichemke tena. Wilmer hakuligusa. Alishinda pale amekalia ndoo, kipimajoto mkononi. Inzi wakaanza.

Mimi ni jirani yake, na subira sina.

"Wilmer, vifaranga wanaingia Alhamisi. Watakaokufa utawaweka wapi, kitandani kwako?"

"Kitandani nafasi ipo," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Alilipanga yeye, Dorsey. Nikiligeuza, ndo basi tena."

"Na likioza hapa? Si angekutukana?"

"Angenitukana wiki nzima," akasema, na karibu atabasamu.

Jumatano akawasha trekta. Koleo likazama, mboji nyeusi ikamwagika, kuku hakuna hata mmoja. Katikati kulikuwa na kitu cha manjano: glavu ya mpira, nzima kabisa. Nilikijua kisa chake. Oleta alikuwa ameshikilia kwamba mumewe kaitupa, naye akiapa hajaiona, na walinuniana kwa ajili ya glavu hiyo hadi siku Oleta alipoanguka akafa.

Wilmer akaikung'uta. Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, akakimbilia nyumbani. Mlangoni akavua buti, kama alivyozoeshwa, akafungua.

"Oleta! Si nilikwambia? Glavu yako hii hapa, uliizika mwenye..."

 Alibaki pale na soksi zake, mkono umeinua glavu juu.  Trekta lilikuwa bado linanguruma, nikaenda kulizima.